Kusoma au Kusikiliza Neno: Tununue Nini Kwanza?



Maombi ya vifaa vya kusikilizia Biblia, vile vya umeme wa jua, yamekuwa mengi. Sivipingi. Kusikiliza si njia ya wavivu: katika Nehemia sura ya 8 Ezra alisoma torati tangu asubuhi hadi adhuhuri, na watu wakasikiliza. Lakini Walawi walikuwapo kuwafafanulia maana. Kifaa hakifafanui, wala hakisimami mama mmoja anapobaki nyuma. Pasipo mtu wa kukizima na kuuliza swali, sura tano zinapita kama taarifa ya habari.

Linalonigusa zaidi ni hili. Katika jumuiya zetu, zamu ya kusoma ikifika, utasikia, "Miwani nimeiacha nyumbani." Tunacheka, anasoma kijana. Wapo ambao kweli hawajui kusoma, nao wanasitiri aibu. Lakini wengine walisoma vizuri, baadhi yao katika madarasa ya elimu ya watu wazima yaliyopewa msukumo mkubwa mwaka 1970. Kilichowapungukia ni macho. Kuanzia miaka 40 hivi, karibu kila mtu hupungukiwa uwezo wa kuona maandishi ya karibu (mmeniona mimi mwenyewe nikisogeza karatasi hii mbali). Biblia ya mfukoni ina herufi ndogo, na kibatari hakisaidii. Mtu huyo ukimpa kifaa tu, umemwambia aache kusoma. Kesho atashindwa na maelekezo ya dawa, au mkataba wa shamba lake mwenyewe.

Kwa hiyo ninapendekeza kila usharika unaoomba vifaa uanze kwa kuwapima macho watu wa jumuiya zake, kwa kushirikiana na mtaalamu wa macho wa hospitali iliyo karibu, kisha uombe miwani ya kusomea na Biblia za maandishi makubwa. Vifaa viende kwa wasioona, wagonjwa wasiotoka nyumbani, na wasiojua kusoma. Nao hao wa mwisho wafunguliwe darasa kama wanataka.

Wafadhili wapendwa, najua picha ya bibi akijaribu miwani haipendezi kama ile ya kijiji kizima kimezunguka kifaa chini ya mwembe. Tutawatumia hiyo hiyo.

Fomu mpya zina sehemu ya miwani. Makatibu, mzichukue leo kabla hamjaondoka.