Mkopo wa nyumba kijijini: nani anastahili?

Mkopo wa nyumba nchini Tanzania humtaka mwombaji awe na kipato kinachothibitika na dhamana inayokubalika benki. Masharti hayo mawili ndiyo yanayomweka kando mkulima wa wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi. Fedha zake za korosho na ufuta huja kwa msimu, kupitia chama cha msingi cha ushirika na minada ya stakabadhi ghalani, ilhali rejesho la benki hudaiwa kila mwezi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaitambua hatimiliki yake ya kimila, lakini benki nyingi husita kuipokea, kwa kuwa si rahisi kumuuzia shamba hilo mtu wa nje ya kijiji.

Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972, ilikopesha hadi vijijini, lakini ikafungwa mwaka 1995. Kampuni ya TMRC (Tanzania Mortgage Refinance Company), iliyoanzishwa mwaka 2010, huzipatia benki fedha za muda mrefu za mikopo ya nyumba, ila wanufaika wengi wako mijini.

Kwa hiyo mkulima hujenga kidogo kidogo: msimu huu tofali za kuchoma, ujao bati, unaofuata saruji ya sakafu. Asiyefikia bati hubaki na kuta za miti na udongo, na paa la nyasi linalodai kuezekwa upya kila mara.

Hatimiliki ya kimila ipokelewe, na rejesho lifuate msimu wa mauzo. Bila hayo, mkopo wa nyumba utabaki kuwa wa wenye mishahara.