Mgeni na Chumba Kimoja

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi)



Jioni hii nimetakiwa niseme juu ya ukarimu. Mwenzangu mmoja aliposikia hivyo alicheka, akaniuliza, "Je, chama kimemaliza habari za mishahara?" Hatujamaliza. Lakini habari ni zile zile, nami nitawaonyesha.

Wazee wetu walioingia Nairobi na Mombasa kutafuta kazi, wengi walipewa mahali pa kutia kitanda tu, wala si nyumba. Mshahara nao ulipimwa kwa mtu mmoja asiye na mke wala mtoto, maana serikali ya kikoloni ilidhani jamaa zake watalishwa na shamba huko kwao. Mwaka 1954 kamati ya serikali iliyoongozwa na Bwana Carpenter ilikiri kwamba kipimo hicho hakifai, ikashauri mshahara ukadiriwe kwa mtu pamoja na jamaa yake. Basi fikirini: mtu aliyepimiwa chakula cha tumbo moja, akibishiwa hodi usiku na mtoto wa ndugu yake mwenye kifurushi mkononi, afanye nini? Walikaribisha. Ugali uligawanywa, mmoja akalala kitandani na mwingine sakafuni juu ya mkeka, na kulipokucha wakaenda pamoja langoni kutafuta kibarua.

Sasa hali imegeuka. Wengi wetu tuna chumba, lakini hatuna saa. Twaondoka kabla ya jua, twarudi usiku, na saa za ziada hatuzikatai kwa sababu ya karo. Mgeni akija, twampelekea pesa kwa simu akale hotelini. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 jambo hili limekuwa jepesi, wala sisemi ni baya. Wengi wameokolewa na pesa hizo. Lakini pesa haimwambii mtu njia ipi ni ya hatari usiku, wala haimwulizi mama yake anaendeleaje.

Wengine hukosea upande wa pili. Hukopa dukani wakanunua nyama na soda ili mgeni akaseme kwao kwamba fulani ni tajiri, kisha mwezi mzima watoto wanakula sukuma wiki na hasira. Huo ni uongo uliopakuliwa kwenye sahani. Mgeni aambiwe kweli: "Ndugu, tulicho nacho ni hiki, karibu tule."

Tuna methali isemayo, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu huisema kama wanaomfukuza mgeni. Mimi naisikia vingine, kwa kuwa mtu unayetaka aondoke humpi jembe; jembe hupewa mtu wa nyumbani. Na jembe la mjini ni lipi? Ni kumwambia kijana ukweli wa kazi: malipo ya siku ni kiasi gani kwa mapatano yetu, nani huomba hongo, ofisi ya chama iko wapi. Kijana asiyeambiwa haya na mwenyeji wake ataambiwa mengine na wakala pale langoni, naye atakubali nusu ya malipo kwa kuwa hana pa kulala. Siku hiyo mishahara yetu sote imeguswa. Wala tusimwite msaliti, maana tulimwacha nje sisi wenyewe.

Juu ya saa nasema hivi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi siku moja ya kupumzika, kwa uchache, katika kila siku saba, na likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi kwa malipo kamili. Mwajiri anayewanyima siku hizo, leteni habari zake tawini, tutazishughulikia. Lakini wako na wenzetu wanaoiuza siku hiyo kila juma kwa hiari yao, kisha husema hawana wakati wa kumwona hata ndugu yao. Hao chama hakiwezi kuwasemea.

Katibu anaandika majina ya wanachama wanaoweza kumlaza mtafuta kazi usiku mmoja au miwili. Daftari liko mezani karibu na mlango. Wenye chumba kimoja nao waandike. Wengi wa walioandika mpaka sasa ni hao.