Chanjo ya malaria: mama mjamzito asiachwe nyuma

Mwaka 2019 Kenya ilianza kuwachanja watoto wadogo dhidi ya malaria katika ukanda wa ziwa. Mama mjamzito bado hana chanjo iliyoidhinishwa kwa ajili yake, ilhali mwili wake umekwisha kuonyesha njia. Vimelea vya malaria hujibanza kwenye kondo la nyuma. Mama hupungukiwa damu, na mtoto huzaliwa na uzito mdogo. Hatari kubwa huwa katika mimba ya kwanza. Katika zinazofuata, mama wa maeneo yenye malaria nyingi huwa ameshajenga kinga. Chanjo zilizofanyiwa majaribio ya awali Benin na Burkina Faso zinalenga kuijenga kinga hiyo mapema.

Wapo watakaosema vyandarua na SP, dawa ya kuzuia malaria wakati wa ujauzito, vinatosha. Vinasaidia, na visiachwe. Lakini SP haitolewi miezi mitatu ya kwanza, na humtaka mama afike kliniki mara kwa mara. Huko Garsen, katika Kaunti ya Tana River, Mto Tana unapofurika kama mwishoni mwa 2023, barabara hukatika na familia huhamia kambini. Maji yakituama, mbu huzaliana. Mama huikosa kliniki wakati uleule anaoihitaji zaidi. Wengine watauliza kuhusu usalama wa mtoto tumboni. Hoja hiyo ni nzito, na jibu lake ni kuchanja kabla ya mimba. Nchini Mali, matokeo yaliyochapishwa 2024 yalionyesha dalili kwamba wanawake waliopewa chanjo nyingine ya malaria kabla ya kushika mimba walikingwa hata walipokuwa wajawazito. Sasa yanahitajika majaribio makubwa zaidi, na wanawake wa Tana River wahusishwe tangu mwanzo.