Figo Mpya, Miguu Dhaifu: Misuli ya Mgonjwa Aliyepandikizwa Figo

Mada kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, Magomeni



Tangu Muhimbili ipandikize figo kwa mara ya kwanza nchini Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ifuate mwaka 2018, si lazima tena mgonjwa apelekwe India. Anapandikizwa hapa hapa, anarudi mtaani, na wa kumtembelea ni ninyi. Mkifika, tazameni miguu yake.

Majirani watakuwa wameshamsifu: amenawiri! Uso umejaa, tumbo limetokeza. Mara nyingi unono huo unatokana na prednisoloni, dawa anayomeza ili mwili usiikatae figo. Dawa hiyo hiyo hurundika mafuta na kula misuli, hasa ya mapaja na mabega. Tena misuli yenyewe ilikwisha kupungua tangu enzi za kusafisha damu, mara tatu kwa wiki, saa nne nne, kila awamu ikiondoka na sehemu ya viini vya protini. Ndiyo maana uzito hupanda huku nguvu zikishuka, na mizani haitaliona hilo.

Kipimo cha damu cha kuangalia figo nacho kina mtego. Kreatinini, inayopimwa humo, hutokana na misuli. Mwenye misuli haba huitengeneza kidogo, hivyo jibu la maabara laweza kupendeza ilhali figo imeanza kuchoka. Jambo hili halisemwi vya kutosha. Na wagonjwa wenye misuli haba, tafiti nyingi zinaonyesha, hulazwa tena mara nyingi zaidi na hufariki mapema kuliko wenzao.

Kipimo cha nguvu za misuli hakihitaji mashine. Mketishe kwenye kiti cha kawaida, akunje mikono kifuani, asimame na kuketi mara tano. Kwa kigezo cha wataalamu wa Ulaya cha mwaka 2019, akizidi sekunde 15, misuli ina shaka. Mgonjwa anayeishi ghorofani Magomeni Kota atakwambia mapema zaidi: ngazi zimemshinda.

Chakula ndicho kigumu. Wengi hubaki na woga wa zamani wa maharage na dagaa, vyakula walivyokatazwa wakati wa kusafisha damu, wakaendelea na chai na maandazi. Figo ikishatulia, mtu wa kilo 60 huhitaji takriban gramu 60 za protini kwa siku. Yai moja lina kama gramu 6. Ila dawa nyingine za kuzuia figo isikataliwe hupandisha potasiamu, kwa hiyo kiasi cha maharage kipangwe na kliniki, si jirani.

Mazoezi yaanze kwa kutembea. Ndoo ya maji asiinue kwa wiki kadhaa, mpaka daktari aruhusu. Na prednisoloni asiiache kwa sababu ya mapaja kukonda: figo yaweza kukataliwa.

Ombi langu ni moja. Kila mnapoandika uzito kwenye daftari, andikeni pia sekunde za kiti, na zikiongezeka mpelekeni kliniki hata kama anaonekana amenawiri.