Ni Nani Yuko Juu ya Maua ya Mwembe? Kuwatambua na Kuwahesabu Wadudu Wachavushaji

Maelezo yaliyotolewa kwa wakulima na wakazi katika baraza la wadi



Mwembe ukichanua, mkulima akisimama chini yake husikia mvumo. Akiinua macho huona nyuki wachache na nzi wengi, na wengi wakishaona nzi huenda moja kwa moja kuchukua pampu. Sababu inaeleweka. Nzi wa matunda aitwaye Bactrocera dorsalis aliripotiwa nchini Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 2003. Hasara yake ikawa kubwa hivi kwamba mwaka 2014 Kenya ilijisimamisha yenyewe kuuza maembe Ulaya. Mkulima aliyewahi kupasua embe zuri kwa nje akakuta funza ndani hahitaji mtu wa kumweleza ubaya wa nzi.

Lakini nzi huyo wa matunda hana shida na ua. Jike hutoboa ganda la embe linalokaribia kukomaa na kutaga mayai humo. Anayepigana naye hutumia mitego, hupiga dawa ya chambo, huokota maembe yaliyoanguka na kuyazika. Wale nzi wanaojaa kwenye maua miezi kadhaa kabla ni watu wengine kabisa. Wamefuata nekta na chavua, yaani ule unga wa maua, na wakihama kutoka ua hadi ua wanaubeba miguuni na kifuani. Mwembe una maua madogo yaliyo wazi, ambayo hata mdudu mwenye mdomo mfupi huyafikia, ndiyo maana nzi ni miongoni mwa wachavushaji wake wakuu. Anayewapulizia dawa anawaua wafanyakazi wake kabla embe halijashika.

Basi swali la kwanza shambani ni hili: ni nani hasa yuko juu ya ua? Kukisia hakutoshi. Watu wa kawaida, si wataalamu peke yao, wamejifunza kulijibu kwa kuhesabu. Uingereza ina mpango wa namna hiyo tangu mwaka 2017, na njia yake ni rahisi kiasi kwamba mwanafunzi wa shule ya msingi anaiweza. Inahitaji saa, daftari, kalamu, na fremu ya vijiti au kamba yenye sentimita 50 kila upande.

Mhesabuji huchagua aina moja tu ya ua. Huweka fremu mahali maua hayo yalipo; kwa mwembe, tawi lililo usawa wa kifua linafaa. Huandika tarehe, saa, mahali, hali ya jua na upepo. Kisha huhesabu maua yaliyomo kwenye fremu. Shada moja la mwembe lina mamia ya maua, pengine hata zaidi ya elfu, kwa hiyo huhesabiwa mashada. Halafu kwa dakika 10 huandika kila mdudu anayetua juu ya ua ndani ya fremu. Anayepita tu haandikwi. Aliyekaa kwenye jani haandikwi. Mdudu mmoja akitembelea maua matano ni mmoja, si watano. Siku ya mvua au upepo mkali kazi huahirishwa, maana wadudu wengi hawatoki.

Ugumu uko kwenye kutambua, na hapo inafaa kuchukua muda. Hakuna anayedaiwa jina la kisayansi. Kinachotakiwa ni kundi: nyuki wa asali, nyuki wengine, nyigu, nzi, vipepeo na nondo, mbawakawa, na wadudu wengine.

Wanaochanganywa zaidi ni nyuki na nzi. Kuna nzi mwenye mistari ya manjano na nyeusi ambaye hukaa hewani pale pale kama helikopta, kisha hutua. Watu humkimbia wakidhani ni nyuki, ilhali hana mwiba. Mabuu ya wengi wa jamii yake hula vidukari, kwa hiyo mkulima hufaidi mara mbili. Nzi ana mabawa mawili tu, nyuki ana manne. Kwa kuwa mabawa hayo hayahesabiki mdudu akiwa mbioni, ni afadhali kutazama kichwa: macho ya nzi ni makubwa na yamejaa karibu uso wote, na vipapasio vyake huwa vifupi mno. Vipapasio vya nyuki ni virefu, vinaonekana. Mwili wa nyuki kwa kawaida una manyoya, na jike akitoka kazini mara nyingi hubeba chavua miguuni au chini ya tumbo. Nyigu ana kiuno chembamba na mwili unaong'aa, manyoya kidogo.

Nyuki nao hawafanani. Yuko wa asali anayejulikana na wote. Wako wale wadogo weusi wasiouma, wa milimita chache tu, ambao wengi huwaandika kama nzi au chungu wenye mabawa. Na yuko yule mkubwa anayetoboa mbao za paa, ambaye wenye nyumba hawampendi. Katika aina moja iliyoenea huku kwetu, jike ni mweusi mwenye mikanda ya manjano au meupe, na dume ni wa manjano mwili mzima, hivyo wahesabuji wapya huandika aina mbili. Mharibifu huyo wa mapaa ndiye anayechavusha pasheni, kwani ua la pasheni ni kubwa mno kwa mdudu mdogo. Utafiti uliofanywa Nguruman, Kajiado, na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba biringanya pia hutegemea nyuki wa porini kama yeye. Hushika ua na kulitikisa kwa mvumo wa mwili mpaka chavua imwagike, jambo ambalo nyuki wa asali hawezi.

Picha ya simu husaidia, na iNaturalist hupokea picha zenye mahali na tarehe ili wengine wasaidie kutambua. Hata hivyo picha nyingi hazitoshi kutaja aina kamili. Ni heri kuandika "nzi" kwa uhakika kuliko jina refu la kubahatisha.

Kosa linaloharibu hesabu nyingi ni kuficha sifuri. Mtu hukaa dakika 10, haoni mdudu, anaona aibu, anahamia kwenye tawi lenye shughuli. Sifuri ni habari. Sifuri baada ya jirani kupiga dawa, karibu na wanane wa wiki iliyotangulia kwenye tawi hilo hilo, saa hiyo hiyo, jua hilo hilo, ni habari kubwa. Hesabu moja peke yake haisemi kitu. Kikundi kikiwa na daftari moja na kurudi mahali pale pale kila wiki ya maua, kitaweza kulinganisha shamba lililo karibu na kichaka na lililo mbali nacho, au mwembe uliopigwa dawa na ambao haukupigwa.

Wapo watakaouliza kuhusu ubwiriunga na wadudu wanaofyonza maua, maana hao hushambulia kweli wakati wa kuchanua. Dawa ya ukungu si dawa ya wadudu, na kibandiko cha chupa husomwa kabla ya kuchanganya. Ikilazimu dawa ya wadudu, afisa wa kilimo wa wadi aulizwe kwanza, na pampu itoke jioni baada ya wachavushaji kuondoka kwenye maua. Daftari ndilo litakaloonyesha saa hiyo ni ipi katika kila shamba: hesabu ya saa nne asubuhi, ya saa nane, na ya saa kumi na mbili jioni.