Kosea Mezani, Usikosee Ziwani

Wahitimu wa masomo ya biashara, kampuni zinazowasubiri zinataka mawili kwa pamoja: kuhamia kwenye mifumo ya kidijitali, na kupata faida bila kumaliza maji, misitu na samaki. Naamini mambo hayo hayafundishiki kwa mihadhara pekee. Yanahitaji michezo ya kuigiza biashara, kwa kuwa humo uamuzi na matokeo yake hukutana ndani ya saa chache, si baada ya miaka.

Tazameni mchezo wa bia uliobuniwa katika chuo cha MIT, Marekani. Wachezaji ni wanne: muuza rejareja, muuza jumla, msambazaji na kiwanda. Mahitaji ya wateja hupanda mara moja tu, kutoka kreti 4 hadi 8 kwa wiki, kisha hutulia. Hata hivyo maagizo hupaa na kuporomoka, na lawama huangukia wateja. Mwaka 1989 mtafiti John Sterman alionyesha kuwa gharama za wachezaji zilifikia wastani wa takribani mara 10 ya gharama ya chini iliyowezekana. Kompyuta huleta takwimu upesi, lakini anayesahau mzigo alioagiza ulio bado njiani ataagiza kupita kiasi vilevile, tena kwa kasi. Katika mchezo mwingine, Fishbanks wa Dennis Meadows, kila kundi ni kampuni ya uvuvi. Mara nyingi samaki huisha, ingawa kila kampuni ilijipigia hesabu nzuri. Wanaotegemea sangara wa Ziwa Victoria wanaijua hatari hiyo.

Wapo wanaopinga: fedha za mchezo haziumi, na ziwa la mezani halina njaa wala rushwa. Ni kweli, ndiyo maana mchezo usiofuatiwa na mjadala hubaki burudani. Elimu imo katika maswali ya baadaye: kwa nini tuliamua hivi, na mtunzi wa mchezo aliacha nini nje? Aliyezoea swali hilo la pili hatazipokea kwa upofu hata hesabu za programu ya kampuni yake.

Basi, wahitimu, mkikabidhiwa bajeti ya mfumo mpya, ombeni kwanza siku ya kuujaribu mezani, pamoja na mhasibu, dereva wa lori na mvuvi anayewauzia. Atakayebeba hasara ya kosa lenu ana haki ya kusikilizwa kabla hamjalitenda.