Radi Haitumwi na Jirani

Mazungumzo kwa wakazi kuhusu radi, ngurumo na usalama msimu wa mvua



Radi ikipiga boma, maswali huanza kabla majivu hayajapoa. Nani ameituma? Boma hili limekosana na nani? Mara nyingi kidole huelekezwa kwa jirani, hasa mzee au mjane anayeishi peke yake. Wakati huohuo aliyepigwa amelala chini, na watu wanaogopa kumgusa. Hofu hizo mbili hugharimu maisha, na zote hutokana na kutoijua radi.

Radi huzaliwa winguni. Katika nyanda za juu za Kisii, Kericho, Nandi na Kakamega, jua hupasha ardhi joto tangu asubuhi. Mchana upepo wenye unyevu huvuma kutoka Ziwa Victoria, hukutana na upepo wa mashariki, na hewa hupanda juu. Ndiyo maana ngurumo nyingi husikika kuanzia alasiri. Usiku upepo hugeuka kuelekea ziwani, na dhoruba huwakuta wavuvi majini.

Wingu la radi huweza kupanda zaidi ya kilomita 10, mahali penye baridi kali. Humo vipande vidogo vya barafu hugongana na punje nzito za mvua ya mawe inayoanza kuumbika, na kila mgongano huzalisha chaji ya umeme. Vyepesi hupanda na chaji chanya, vizito hubaki chini na chaji hasi. Tofauti hiyo ikizidi, hewa hushindwa kuizuia, na umeme huruka ndani ya wingu au hadi ardhini.

Njia unayopita umeme huo hufikia joto la takriban nyuzi 30,000 za Selsiasi, mara tano ya joto la uso wa jua. Hewa hutanuka ghafla kwa kishindo, na hiyo ndiyo ngurumo. Mwanga hufika papo hapo, lakini sauti huchukua kama sekunde tatu kwa kila kilomita. Basi mkiona mwanga, hesabuni. Ngurumo ikisikika kabla ya kufika 30, radi iko ndani ya kilomita 10, nayo inaweza kuwafikia hata kabla tone la mvua halijaanguka.

Umeme hupenda kupiga kilichoinuka: mti, mlingoti, mtu aliyesimama shambani. Haujali nguo nyekundu wala ugomvi wa mpaka. Hata ng'ombe wanaokufa pamoja chini ya mti mmoja hawakurogwa. Umeme husambaa ardhini kutoka shinani, na kwa kuwa miguu ya mbele na ya nyuma ya ng'ombe iko mbali, hupanda kwa mguu mmoja na kushuka kwa mwingine, ukipitia kifuani.

Mwaka wa 2011, radi ilipiga shule ya msingi ya Runyanya nchini Uganda, ikaua wanafunzi 18 na mwalimu wao. Walikuwa darasani. Paa peke yake si kinga. Jengo la shule au kanisa linahitaji kizuia radi: fimbo ya chuma juu ya paa, iliyounganishwa kwa waya mnene hadi ardhini, na kufungwa na fundi aliyefunzwa kazi hiyo.

Ngurumo zikianza, ondokeni shambani, mtoni, ziwani na uwanjani. Msijikinge chini ya mti. Ingieni katika jengo imara lenye nyaya za umeme na mabomba, au gari lililofungwa lenye paa la chuma. Ndani, kaeni mbali na mabomba na vifaa vilivyochomekwa kwenye umeme. Msitoke hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Na mtu akipigwa, mgusweni bila hofu. Mwili wake haubaki na umeme. Kama hapumui, bonyezeni katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kumpulizia hewa mdomoni mkijua namna, huku mwingine akitafuta gari la kumpeleka hospitali. Wengi wanaopigwa na radi hupona, lakini aliyesimama moyo hawezi kungoja kijiji kimalize kumtafuta mchawi.